Jinsi ya Kutabiri Hali ya Hewa ya Kila Siku Majira ya Joto Mahali Penye Pwani na Milima: Mwongozo Kamili

Wengi waliojaribu kutoa utabiri wa siku kwa eneo lenye bahari upande mmoja na milima upande wa pili hurudi na lalamiko lile lile. Waliandika "jua na mawingu kiasi". Pwani ikavumiwa na upepo mchana kutwa, bondeni watu wakaungua kwa joto, na mlimani radi ikapiga saa tisa alasiri. Kila aliyeusoma utabiri huo aliona umekosea, na kila mmoja alikuwa na haki. Kosa halikuwa la vifaa wala la kompyuta. Uliandikwa utabiri mmoja kwa mahali penye hali tatu au nne za hewa kwa wakati mmoja, tena ukaandikwa kwa siku nzima, ilhali asubuhi na alasiri za majira ya joto hutofautiana kama siku mbili.

Utaratibu ulio hapa chini unachukua dakika 40 hivi kila asubuhi ukishauzoea. Saa zote zimehesabiwa kwa desturi ya Kiswahili, isipokuwa pale ninapotaja UTC, yaani saa ya kimataifa.

## Vitu utakavyohitaji

- Kipimajoto kilichowekwa kivulini, kimo cha kati ya mita 1.25 na mita 2 kutoka ardhini, mahali penye hewa inayopita na mbali na ukuta.
- Kipimo cha unyevu wa hewa. Cha kidijitali kinatosha, ilimradi kikae pamoja na kipimajoto.
- Barometa, yaani kipimo cha mgandamizo wa hewa. Simu nyingi zinayo ndani yake, nayo inafaa kwa kazi hii.
- Utepe mwepesi juu ya mti mrefu mahali pa wazi, na dira ya kusomea upepo unakotoka.
- Ramani ya eneo yenye mistari ya mwinuko.
- Intaneti ya kuonea picha za setilaiti, rada kama ipo, vipimo vya vituo vya jirani, jotoridi la maji ya bahari na ramani za modeli za hali ya hewa, yaani programu za kompyuta zinazokokotoa hewa ijayo.
- Daftari. Usilidharau, kwa maana Hatua ya 9 haiwezekani bila hilo.

Tahadhari moja kuhusu kipimajoto: ukuta uliopigwa na jua hutoa joto hata baada ya jua kutua. Changu nilikitundika ukutani upande wa magharibi, na kwa msimu mzima kilinionyesha jioni zenye joto kuliko mchana. Nililaumu modeli.

## Hatua ya 1: Gawanya eneo kabla ya kutabiri

Kazi hii hufanywa mara moja tu. Chukua ramani na uchore kanda, kila moja ikiwa na tabia yake: ufuko na kilomita chache za mwanzo, uwanda ulio nyuma ya pwani, mabonde, miteremko na vilele, na kama mlima una upande wa nyuma usiotazama bahari, huo nao ni ukanda wake. Andika mwinuko wa wastani wa kila ukanda, na miteremko inatazama upande gani.

Mwelekeo wa mteremko una maana kubwa. Mteremko unaotazama mashariki hupata jua saa nyingi kabla ya ule wa magharibi, na hewa yake huanza kupanda mapema. Ndiyo sababu wingu la kwanza la siku huonekana mara nyingi upande huo.

Umefaulu ikiwa unaweza kutaja kwa kila ukanda kituo kimoja cha vipimo, au mtu mmoja wa kumpigia simu, wa kukuambia hali ilivyokuwa jana.

## Hatua ya 2: Pima alfajiri, na upime kwa namna ile ile

Saa 12 asubuhi andika jotoridi, unyevu, mgandamizo wa hewa, upepo na mawingu. Ukibadili saa ya kupima, utaharibu ulinganisho wote.

Asilimia ya unyevu ikiachwa peke yake hudanganya. Hushuka mchana kwa sababu tu hewa imepata joto, hata kama hakuna tone la mvuke lililoondoka. Igeuze iwe kiwango cha umande, yaani jotoridi ambalo hewa ikipozwa mpaka hapo huanza kutoa umande. Kanuni ya haraka, inayofaa unyevu ukizidi asilimia 50, ni kwamba kila asilimia 5 zinazopungua kutoka 100 huweka kiwango cha umande nyuzi 1 ya Selsiasi chini ya jotoridi la hewa. Hewa ya nyuzi 24 yenye unyevu wa asilimia 80 ina kiwango cha umande cha nyuzi 20 hivi.

Mgandamizo nao una mtego wake. Katika nchi za joto hupanda na kushuka mara mbili kwa siku wenyewe, ukifika kilele karibu na saa 4 asubuhi na saa 4 usiku, na ukishuka kabisa karibu na saa 10 alfajiri na saa 10 jioni. Mtu aonaye barometa ikishuka alasiri akatangaza dhoruba atakuwa ameitabiri kila siku ya mwaka. Linganisha kipimo cha leo na cha jana saa ile ile, wala usilinganishe na cha saa tatu zilizopita.

## Hatua ya 3: Anza na jana

Majira ya joto hupenda kujirudia. Kwa hiyo utabiri wako wa kwanza, ule wa penseli, uwe nakala ya yaliyotokea jana katika kila ukanda: joto la juu, saa upepo wa bahari ulipoingia, saa mawingu yalipofunika kilele, kama ilinyesha na wapi.

Wanaoanza huona aibu kufanya hivi, wakidhani ni uvivu. Lakini "leo kama jana" ni mpinzani mgumu kushindwa, na ustadi wote wa mtabiri wa majira haya ni kuitambua siku itakayoivunja kawaida. Maswali ya kujiuliza ni haya:

- Je, kiwango cha umande kimepanda au kushuka kwa nyuzi 3 au zaidi tangu jana?
- Je, mgandamizo umeshuka kwa hektopaskali 3 (kizio cha mgandamizo kinachosomwa kwenye barometa) au zaidi, ukilinganisha na jana saa ile ile?
- Je, upepo wa juu umegeuka, hasa ukawa unatoka mlimani kuelekea baharini?
- Je, kuna hewa baridi inayoingia juu angani, au mkanda wa mgandamizo mdogo unaosogea?

Majibu yote yakiwa "hapana", rekebisha kidogo tu. Jibu moja likiwa "ndiyo", hatua zinazofuata zinahitaji muda wako wote.

## Hatua ya 4: Soma modeli, lakini ujue zinachokiona

Modeli kubwa za dunia huendeshwa kuanzia saa 00, 06, 12 na 18 UTC, na matokeo hutoka saa kadhaa baadaye. Tazama ramani imetolewa na modeli ya saa ngapi kabla ya kuiamini.

Modeli hugawa dunia katika viboksi. Cha modeli ya Ulaya ya ECMWF kina upana wa kilomita 9 hivi, na cha GFS ya Marekani kilomita 13 hivi. Ndani ya kiboksi kimoja bonde na kilele huchanganywa vikawa kilima kimoja cha wastani, na ufuko waweza kuhesabiwa kuwa bahari. Joto unaloonyeshwa na simu kwa kijiji cha bondeni huenda ni la mahali palipo mita 600 juu yake.

Sahihisha hivi. Tafuta mwinuko ambao modeli inaudhani, utoe mwinuko halisi. Mchana wa jua, hewa iliyochanganyika vizuri hubadilika karibu nyuzi 10 kwa kila mita 1,000. Kwa wastani wa siku tumia nyuzi 6.5. Bonde lililo mita 600 chini ya mwinuko wa modeli litakuwa na joto zaidi kwa nyuzi 4 hadi 6. Usitumie hesabu hii usiku wenye utulivu, kwa sababu hewa baridi huteremka na kutuama bondeni kama maji, na mteremko wa juu ukawa na joto kuliko chini.

Kisha fungua ramani ya hektopaskali 850, ambayo ni kimo cha mita 1,500 hivi. Hewa ya hapo ikiwa na joto zaidi ya jana kwa nyuzi 2, na mawingu na upepo vikiwa vile vile, ongeza nyuzi 2 kwenye joto la juu la jana. Kanuni hii ni fupi, lakini hunisaidia kuliko picha za jua na wingu za simu.

## Hatua ya 5: Tabiri upepo wa bahari

Ardhi hupata joto haraka kuliko maji. Hewa ya nchi kavu inapopanda, ile iliyo baridi juu ya bahari huvutwa kuingia. Kwa kawaida upepo huu wa bahari huanza tofauti ya joto ikifika nyuzi chache tu, kati ya saa 4 na saa 6 mchana, hupata nguvu saa 8 hadi saa 10, na hulegea jua likitua.

Sababu inayoamua zaidi ni upepo mkubwa wa eneo zima, ule wa mita mia kadhaa hadi mita 1,500 juu. Ukiwa mwanana, upepo wa bahari utaingia kama jana. Ukitoka nchi kavu kwa kasi ya kiasi, tuseme kilomita 20 hadi 35 kwa saa, utauchelewesha upepo wa bahari au kuuzuilia ufukoni, na pwani itapata joto kali mpaka alasiri. Ukizidi hapo, upepo wa bahari huenda usiingie kabisa.

Siku za kuogopa ni zile ambazo upepo wa nchi kavu unavuka milima na kushukia pwani. Hewa inayoshuka hupata joto karibu nyuzi 10 kwa kila mita 1,000 na kukauka. Ufuko, ambao kwa desturi ndio wenye afueni, unaweza kuwa na siku yake ya joto kuliko zote, na moto wa nyika ukienea siku hiyo hauzimiki kirahisi. Simu haitakuonya kila mara. Kiwango cha umande kikiporomoka alfajiri huku upepo ukitoka mlimani, hiyo ni ishara ya kutosha.

Asubuhi zenye ukungu au wingu la chini kutoka baharini zina kanuni yake. Wingu la namna hiyo huyeyuka kuanzia kingoni, upande wa bara, likirudi baharini. Ukiweza kuona duara la jua kupitia ukungu, ni mwembamba, na mara nyingi utaondoka mapema. Bahari ikiwa baridi na upepo ukiingia mfululizo, pwani yaweza kubaki chini ya wingu siku nzima wakati kilomita 10 ndani jua linachoma.

Umefaulu ikiwa unaweza kuandika sentensi yenye saa, upande na umbali: "Upepo wa bahari utaingia ufukoni karibu saa 5 na kufika uwandani saa 8."

## Hatua ya 6: Tabiri mlima, ukianza na kimo cha wingu

Hapa ndipo utabiri unapowaponza wengi, na ndipo penye hatari kwa maisha.

Anza na hesabu moja. Chukua joto la juu unalolitarajia, toa kiwango cha umande, zidisha kwa 125. Jibu ni kimo cha kitako cha wingu, kwa mita, juu ya mahali ulipopima. Uwandani pakitarajiwa nyuzi 30, na kiwango cha umande kikiwa nyuzi 20, kitako kitakuwa mita 1,250 hivi. Mlima wa mita 2,400 utazama mawinguni nusu yake ya juu, na anayepanda hataona njia. Kiwango cha umande kikiwa nyuzi 10, kitako kitapanda hadi mita 2,500 na kilele kitabaki wazi.

Swali la pili ni kama wingu hilo litakua. Tazama kwenye ramani kipimo kinachoandikwa CAPE, ambacho ni nishati inayopatikana kwa hewa inayopanda. Chini ya 1,000 ni dhaifu, 1,000 hadi 2,500 ni ya kati, zaidi ya hapo ni kali. Ila nishati pekee haileti mvua. Tabaka la hewa yenye joto juu linaweza kukaa kama kifuniko cha sufuria, na siku yenye CAPE kubwa ikapita kavu. Milima hufanya kazi ya kukifunua: miteremko iliyopata jua huipandisha hewa kwa nguvu, na pale upepo wa bahari unapokutana na upepo unaopanda bondeni, hewa haina pa kwenda ila juu.

Anga la asubuhi husema mengi. Mawingu ya kimo cha kati yenye vinara vidogo kama minara ya ngome, yakionekana kabla ya saa 3, yanaonyesha kwamba hewa ya juu haijatulia, na radi alasiri inawezekana sana. Kumulasi, yale mawingu ya marundo kama pamba, zikianza kurefuka kwenda juu kuliko upana wake kabla ya saa 5, usingoje ushahidi mwingine. Mawingu laini yenye umbo la dengu yaliyosimama karibu na vilele yanaonyesha upepo mkali juu, hata kama bondeni jani halitikisiki.

Swali la tatu husahaulika: mvua ikizaliwa, itakwenda wapi? Soma upepo wa hektopaskali 700 na 500, kimo cha mita 3,000 na 5,500 hivi. Ukielekea baharini, wingu lililozaliwa mlimani saa 8 linaweza kuishukia pwani jioni, na wa pwani watahitaji kujua. Ukiwa dhaifu, wingu litasimama palepale na kumwaga yote mahali pamoja, na hapo huja mafuriko ya ghafla.

Onyo. Mto unaotoka mlimani unaweza kufurika chini ya anga la buluu. Ukitabiri mvua kubwa milimani, andika onyo kwa ukanda wa bondeni pia, hata kama huko hutarajii tone.

Onyo la radi. Hesabu sekunde kati ya umeme na ngurumo, ugawanye kwa 3, upate umbali kwa kilomita. Sekunde 30 au chini ya hapo ni hatari tayari. Watu wakae ndani ya jengo au gari lililofungwa mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Kwa wapanda mlima, utabiri ulio na faida ni wa saa: "muwe mmeshuka kileleni kabla ya saa 6 mchana."

## Hatua ya 7: Andika, kwa ukanda na kwa saa

Kila ukanda upate mistari miwili hadi minne: joto la chini na la juu, upepo na saa ya kugeuka, mawingu, uwezekano wa mvua, na hatari kama ipo. Maneno kama "mvua hapa na pale" yafute. Andika nani ataipata na lini.

Uwezekano uandike kwa tarakimu na uueleze. Asilimia 30 mlimani ina maana kwamba katika siku kumi zinazofanana na hii, mvua hunyesha siku tatu hivi mahali hapo. Haina maana ya mvua ndogo, wala mvua ya theluthi ya siku. Mfano:

> Miteremko ya juu: nyuzi 11 hadi 19. Kweupe mpaka saa 5, kisha mawingu yatafunika vilele juu ya mita 1,800. Uwezekano wa mvua ya radi saa 8 hadi saa 12 jioni ni asilimia 60. Mito ya bonde la kaskazini inaweza kujaa ghafla.

Maonyo rasmi ya mamlaka ya hali ya hewa ya nchi yako yanatangulia utabiri wako. Yakitoka, yanukuu kama yalivyo na usiyapunguze makali. Katika baadhi ya nchi kutoa maonyo ya hali mbaya ya hewa ni haki ya mamlaka hiyo peke yake kisheria.

## Hatua ya 8: Rudi saa 6 mchana

Fungua picha ya setilaiti. Upepo wa bahari uliokwisha kuingia huonekana kama ukanda mweupe wa kumulasi ulionyooka sambamba na pwani, na nyuma yake, kuelekea baharini, anga safi. Upime umefika kilomita ngapi ndani, ulinganishe na sentensi yako ya asubuhi. Kama kilele kimefunikwa saa moja kabla ya ulivyoandika, iwahishe na saa ya mvua.

Ukirekebisha utabiri, andika wazi kwamba umerekebishwa na saa ngapi. Kubadilisha kimyakimya huwachanganya wasomaji, na hukunyima nafasi ya kulijua kosa lako.

## Hatua ya 9: Jipe alama kila jioni

Kwa kila ukanda andika ulichotabiri, kilichotokea, na kile ambacho "leo kama jana" ingesema. Kwa mvua, chukua uwezekano wako kama desimali, toa 1 kama ilinyesha au 0 kama haikunyesha, kisha zidisha jibu kwa lenyewe. Ulisema asilimia 60 na ikanyesha: 0.6 toa 1 ni −0.4, na mraba wake ni 0.16. Haikunyesha: 0.36. Wastani wa mwezi ukiwa mdogo, umefanya vizuri. Namba hii huitwa alama ya Brier, nayo humwadhibu vikali mtu anayesema asilimia 100 kisha akakosea.

Baada ya siku 30 tenganisha alama kwa kanda. Pengine utakuta pwani unafanya vizuri na mlimani unashindwa hata na "leo kama jana". Hapo usibadilishe kila kitu. Rudi kwenye siku tano mbaya kuliko zote na uangalie namba moja tu katika kila siku, kiwango cha umande cha alfajiri. Katika daftari langu, siku nne kati ya tano zilikuwa zile ambazo kilipanda usiku nami sikukitazama.